Watu Sitini na Watatu Ndani ya Kikapu

Siku meneja wetu Candiru alipotuambia kwamba simu ndiyo mtu, nilikuwa naosha vikombe. Nilisikia vizuri. Baadaye wengine walisema mimi, Eyotaru, nilisikia vibaya kwa sababu ya uzee, lakini masikio yangu hayana kosa. Mguu ndio unaolalamika.

"Simu yako ndiyo wewe," alisema Candiru. Alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda katikati ya steji ya Arua, pale kosta za Koboko zinapopakia. "Mtaweka programu yetu, na mashine itaiona kila simu. Simu ikiwa ndani ya steji, wewe uko kwenye foleni. Simu ikitoka, umetoka. Kosta ikipata watu wake, simu italia, mtapanda. Hakuna kugombana tena. Hakuna mtu wa kuulizwa nani alitangulia."

Mtu wa kuulizwa nani alitangulia nilikuwa mimi.

Kwa miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kona ya lango na jiko langu la makaa, birika, na vikombe kumi na viwili ambavyo sasa ni tisa. Chai ilikuwa biashara, lakini foleni ndiyo ilikuwa kazi. Mwanamke wa soko la Arua anayekwenda Koboko hasimami kwenye mstari kama askari. Atasimamaje na ana vitu vya kuuza? Alikuwa akija alfajiri, anaweka kitu chake nyuma ya kitu cha mwenzake: kikapu, jerikeni, kigoda, hata ndala moja. Halafu anakwenda sokoni. Kile kitu kinasimama badala yake, na hakuna mtu wa kukiruka, maana kukiruka ni kama kumruka mwenyewe.

Gari likifika nilikuwa nagonga kifuniko cha sufuria. Mwenye zamu yake anakuja mbio. Asipokuja, nasogeza kitu chake pembeni kwa mguu, polepole, anayefuata anapita. Akija baadaye anakikuta bado kiko mbele kinamngoja. Mwaka mmoja ndala ya kushoto ya Rosa Kiden, yule anayeuza samaki wakavu, ilikaa mbele ya wote siku tatu, kwa kuwa samaki walikuwa hawajaisha. Tuliizunguka kwa heshima.

Wakati huo mwenyekiti alikuwa mzee Ayiko. Alituongoza kwa mdomo na fimbo. Fimbo hakumpiga nayo mtu, aliinyoosha tu. Mwezi wa kwanza mwaka huu wenye magari walimpumzisha, wakamchagua Candiru kuwa meneja. Candiru alisomea Kampala mambo ya safari na wageni, na aliwahi kufanya kazi ya tiketi za ndege Entebbe. Alituambia kwamba msafiri ni mfalme. Nikamtazama mfalme wa kwanza aliyepita langoni: alikuwa amebeba kuku wawili, vichwa chini.

Usinielewe vibaya, Candiru ni binti mwenye adabu. Kila asubuhi alikuwa akinisalimia kabla ya kusalimia madereva, na chai yangu alikunywa bila kuuliza kama maji yamechemka. Lakini siku ile aliposhuka kutoka kwenye kreti alikuja moja kwa moja kwenye kona yangu, akapima kwa hatua: moja, mbili, tatu.

"Mama Eyotaru," alisema, "watu wakishazoea simu, mwisho wa mwezi hapa tutasimika nguzo yenye skrini. Itaonyesha magari yako wapi. Na wewe utapumzika."

Kupumzika! Mtu wa umri wangu akiambiwa atapumzika, anaanza kutazama ni wapi wamechimba.

"Na watu wasipozoea?" niliuliza.

"Wasipozoea, utabaki. Lakini watazoea."

Basi nilikuwa na mwezi mmoja wa kuokoa kona yangu.

Kesho yake alfajiri Rosa Kiden alikuja na simu mkononi. Hakuweka ndala. Alisimama. Baada ya nusu saa alianza kubadilisha miguu kama kuku kwenye mvua.

"Mama, mimi nitasimama hapa mpaka lini? Samaki yangu nani atauza?"

"Candiru alisema simu ndiyo nani?"

"Simu ndiyo mimi."

"Basi acha simu hapa, wewe nenda ukauze."

Alinitazama. Nilimwona anaizungusha ile hesabu kichwani.

"Itaibiwa."

"Na mimi niko hapa kufanya nini?"

Nilichukua kikapu changu cha ukindu, nikatandika leso ndani, nikailaza simu ya Rosa. Nikakisukuma chini ya meza ya chai. Kabla jua halijapanda zilikuwa nne. Jumatano zilikuwa ishirini. Wiki ya pili ilipofika katikati zilikuwa sitini na tatu. Nilizipanga kwa kufuata nani alitangulia, zimelala ubavu kwa ubavu kama watoto kitandani, na juu nikazifunika leso ya pili zisipate vumbi.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nilitaka simu zizoee kulindwa na mimi. Mwisho wa mwezi Candiru akija na nguzo yake, ningefunua leso mbele ya wenye magari na kusema: haya, simikeni, lakini hizi simu sitini na tatu zitalala wapi? Juu ya nguzo? Hata leo ukiniuliza nitakuambia ulikuwa mpango mzuri. Ila ulizaa mtoto ambaye sikumtambua.

Tatizo lilianza na Sule. Sule ni dereva wa Koboko, mrefu, hawezi kunong'ona hata akiwa msikitini. Asubuhi moja aliingia na kosta yake tupu, akafungua mlango, akatazama kushoto na kulia.

"Mama, watu iko wapi?"

"Watu gani?"

"Simu inasema Arua iko watu arobaini nangoja. Mimi nimetoka Koboko bila kupakia mutu, nimekimbia!"

"Mimi naona sita," nikamwambia. "Na huyu mmoja amekuja kuomba kiberiti."

Papo hapo simu kwenye kikapu zikaanza kulia, maana kosta imefika. Niligonga kifuniko. Wakaja wanawake wanne kutoka sokoni, wakachukua simu zao, wakapanda. Wengine wote walikuwa bado wanauza. Zamani ningesogeza ndala zao pembeni na gari lingekwenda. Lakini simu nilisogeza pembeni, nikaisogeza tena, na ile mashine bado ilisema huyu ni wa kwanza, mngojee. Sule akangoja. Ikaja kosta ya pili, tupu nayo, ikangoja. Ikaja ya tatu. Zilikaa uwanjani kama ng'ombe waliofika kisimani wakakuta ndoo haipo.

Candiru alitoka ofisini. Alitazama simu yake, akatazama uwanja, akatazama simu.

"Mama, unaona watu wangapi hapa?"

"Saba, ukinihesabu mimi."

"Hapa imeandikwa hamsini na nane."

"Labda simu yako ina njaa."

"Ina chaji ya kutosha." Aliigeuza, akaipangusa kwa blauzi, akaisoma tena. "Hamsini na tisa. Mama, kuna mmoja ameingia sasa hivi!"

Ni kweli, mwuza nyanya alikuwa amenipa simu yake wakati ule ule. Niliiweka ndani, nikaifunika leso.

Sasa utaniuliza: Eyotaru, hukuona? Nikuambie kweli, sikuona. Nilijua simu ziko kwangu. Nilijua kosta ziko pale zinangoja. Lakini kati ya kikapu na kosta sikuona kamba. Candiru mwenyewe alinieleza mashine inavyofanya kazi, akachora chini kwa kijiti. Kuna duara la steji ya Arua, kuna duara la steji ya Koboko. Mashine inahesabu watu ndani ya kila duara. Kosta zetu ni tano. Penye watu wengi, mashine inaziita huko. Nilitazama ile michoro nikasema ni mizuri. Nilidhani ile mashine inahesabu watu, kama alivyosema. Mimi sikuwa na watu. Nilikuwa na kikapu.

Kila jioni wanawake walichukua simu zao, na kila alfajiri walizirudisha. Candiru alianza kukonda. Aliwapigia waliomtengenezea ile programu huko Kampala, wakamwambia programu iko sawa, asafishe simu yake, aizime, aiwashe. Aliizima na kuiwasha mpaka nikaionea huruma ile simu. Wenye magari nao walikuwa na furaha: meneja mpya, na Arua imejaa wasafiri kuliko wakati wowote! Walianza kusema waongeze kosta mbili. Madereva peke yao ndio walinung'unika, kwa kuwa walikuwa wanabeba watu wengi kwenye simu na upepo kwenye viti.

Zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uishe, Sule alikuja amevimba sikio.

"Koboko hapana mchezo tena," alisema. "Watu nakaa kutoka asubuhi, gari hapana. Zote iko hapa Arua nalala. Jana mama Mariam Poni alinitupia kiatu."

"Kiatu au ndala?" niliuliza.

"Kiatu! Cha marehemu mume wake, cha jeshi!"

Mariam Poni ni mama mkwe wa binti yangu. Mume wake alikuwa sajini, na yeye mwenyewe bado anatembea kama anakagua gwaride. Candiru aliposikia jina hilo alinigeukia.

"Mama, wewe unamjua. Kesho asubuhi twende wote Koboko. Nataka niwaone kwa macho yangu, na nataka mtu wa kunisemea."

Nilifurahi. Nilijiambia, meneja anayehitaji mdomo wangu Koboko hataniondolea kona Arua. Nilikubali kabla hajamaliza.

Sikufikiria kikapu mpaka alfajiri ilipofika na simu zote sitini na tatu zimelala ndani. Nimwachie nani? Yule mwomba kiberiti? Watu walinikabidhi mimi, hawakukabidhi meza. Nilifunga leso vizuri, nikaingia nacho kwenye gari dogo la Candiru, nikakipakata.

"Umebeba nini, mama?"

"Zawadi ya mkwe."

Barabara ya Koboko ni lami siku hizi, gari linateleza. Candiru aliendesha kwa adabu, simu yake imesimama mbele kwenye kishikio. Hatukuwa tumefika mbali aliposimama ghafla kando ya barabara, karibu na shamba la mihogo.

"Mama! Arua wamebaki watu wawili!"

"Wawili?"

"Nilipotoka nyumbani walikuwa sitini na watano. Koboko ni kumi na mmoja. Sasa watu sitini na watatu hawapo Arua, na hawapo Koboko." Alishusha sauti. "Hawapo popote."

Nilitazama mihogo. Kikapu kilikuwa na joto mapajani mwangu, joto kama la mtoto anayelala. Sitini na tatu. Hiyo namba nilikuwa naifahamu kutoka mahali fulani.

"Labda wameghairi safari," nilisema.

"Wote? Kwa dakika moja?"

"Watu wa Arua tunapatana sana."

Hakucheka. Aliwasha gari. Mimi njia nzima nilikuwa nafikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kupotea. Kama simu ndiyo mtu, basi nimepakata watu sitini na watatu. Lakini Rosa Kiden yuko Arua anauza samaki, nilimwona kwa macho yangu. Basi Rosa yuko wapi? Na kama Rosa yuko mapajani mwangu, nani anauza samaki? Nilitaka kumwuliza Candiru, lakini niliona kona yangu mbele ya macho, na jiko langu, nikafunga mdomo.

Koboko tulifika saa tatu asubuhi. Mariam Poni alikuwa amewapanga watu kumi kwenye mstari mmoja na yeye mwenyewe mbele, kitambaa cheupe kimefunika jicho la kushoto.

"Mkwe," alisema, bila kunipa mkono kwanza, "huyu ndiyo meneja?"

"Ndiye huyu."

"Meneja, shikamoo mimi sikuulizi, nauliza gari. Daktari wa macho anakuja Arua siku moja kwa mwezi, na siku yenyewe leo. Saa sita anafunga. Mimi niko hapa tangu swala ya alfajiri. Jana pia gari hapana. Huyu bwana ana mgonjwa. Huyu binti ana mtihani. Magari yote mnapeleka Arua, Arua kuna nini?"

"Mama, mashine inasema Arua kuna watu wengi..."

"Mashine imetuona sisi?"

"Imewaona. Kumi na mmoja." Candiru alimwonyesha simu. Halafu akaivuta nyuma haraka, akaisogeza karibu na pua. "Sabini na nne?"

Akahesabu watu kwa kidole. Kumi na mmoja. Akahesabu kwa kuanzia upande wa pili. Kumi na mmoja. Mariam Poni akapaza sauti: "Hesabu!" na wale watu wakahesabu wenyewe kama jeshini, moja mpaka kumi na moja, yule mgonjwa akakohoa kwenye zamu yake.

Simu ya Candiru ikalia. Alikuwa Sule, na hata mimi nilimsikia kutoka nilipokuwa.

"Meneja! Mashine sasa inasema wote tuende Koboko! Watu sabini na nne! Tumetoka wote watano, tunakuja!"

"Na Arua?"

"Arua hapana mutu, imeandikwa wawili!"

Nilihisi haja ya kwenda chooni. Haikuwa hila, umri una mambo yake. Choo kiko nyuma ya maduka, ng'ambo ya mtaro. Nilikwenda na kikapu changu, maana choo cha steji huachi kitu nje. Niliporudi nilimkuta Candiru amekodoa macho.

"Mama," alisema polepole, "ulipovuka mtaro, hapa ilishuka ikawa kumi na moja. Uliporudi imepanda sabini na nne."

"Labda ni hewa."

"Nenda tena."

"Sina haja tena."

"Nenda, mama, nakuomba."

Nilivuka mtaro. "Kumi na moja!" alipaza sauti. Nilirudi. "Sabini na nne!" Mstari wote wa Mariam Poni uligeuka kunitazama. "Toka!" Nikatoka. "Ingia!" Nikaingia. Mara ya nne mguu uligoma, nikasimama katikati ya mtaro, mguu mmoja Koboko na mwingine sijui wapi.

"Watu sitini na tatu wameenda chooni na mkwe wangu," alisema Mariam Poni, "halafu nyinyi mnasema mimi ndiyo sioni."

Wakati huo kikapu kikaanza kuimba. Kwanza simu moja, wimbo wa kanisani. Halafu nyingine, ngoma. Halafu kumi kwa pamoja, moja inalia kama jogoo. Wanawake wa Arua walikuwa wamekuja steji, wakakuta hakuna kosta, hakuna simu, hakuna Eyotaru, wakaazima simu za watu na kujipigia wenyewe. Ningeweza bado kusema ni redio. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimwona Mariam Poni anasawazisha kile kitambaa juu ya jicho lake, na saa ilikuwa inakwenda saa nne.

Nilifunua leso.

Zile simu zililia tu na kutetemeka, zinasukumana. Niliichukua ya Rosa Kiden, nikaipokea.

"Mwizi!" alisema Rosa.

"Rosa, ni mimi, Eyotaru."

"Mama! Simu yangu iko wapi?"

"Iko Koboko."

"Imefika kabla yangu?"

"Imefika salama."

Candiru alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini. Nilidhani analia. Sijui hata sasa kama alikuwa analia au anacheka, mabega yanafanana.

"Ulisema simu ndiyo mtu," nilimwambia. "Mtu wetu hawezi kusimama siku nzima. Tumeacha kitu chake kwenye foleni kama siku zote."

"Mwezi mzima, mama. Mwezi mzima nimewaambia wenye magari kwamba Arua imejaa."

"Ilikuwa imejaa. Kikapu hiki hakiingii hata simu moja zaidi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniondoa."

"Ningekuondoa mwisho wa mwezi," alisema. Alisimama, akajipangusa. "Sasa sijui nifanye nini."

Alifanya jambo moja ambalo mzee Ayiko asingefanya. Aliwapigia madereva mmoja mmoja, akawaambia wasisikilize mashine kwa leo, wamsikilize yeye: wawili waje Koboko haraka, watatu wageuke warudi Arua. Halafu alizima simu yake, akaiweka mfukoni, akawauliza watu kumi na mmoja kwa mdomo kila mmoja anataka kufika saa ngapi, na akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Mariam Poni alipanda kosta ya Sule saa tano kasoro. Sule alishika sikio lake njia nzima. Daktari walimkuta anafunga sanduku. Alimtazama jicho moja, akamwambia la pili arudi mwezi ujao.

Ijumaa wenye magari walikutana Arua. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, hata ya uongo kidogo, lakini Candiru alisimama kabla yangu.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliiuliza mashine watu wako wapi. Sikuwauliza watu wanataka kuondoka saa ngapi. Mtu anaweza kuwa Arua tangu alfajiri na asitake kwenda Koboko mpaka jioni. Arua haikujaa. Msiongeze kosta."

Wenye magari walimtazama kwa sura ya watu waliokwisha kuchagua rangi ya kosta. Mmoja aliuliza kama mashine ilikuwa na ugonjwa. Mwingine aliuliza kama mimi ndiye nilikuwa na ugonjwa. Mzee Ayiko alikuwa amekaa nyuma, na bila fimbo alionekana mfupi.

"Mimi miaka yote pale sikujua nani anataka kuondoka saa ngapi," alisema. "Nilidhani najua. Eyotaru ndiye alikuwa anajua."

Nikadhani kona yangu imepona. Nilianza hata kutabasamu.

Candiru alisema sasa programu itabadilishwa, kila msafiri ataandika saa anayotaka, na saa hiyo ikifika ndipo atahesabiwa. Kila mtu akakubali. Akasema hakuna simu itakayolazwa kwenye kikapu tena. Wakakubali. Akasema nguzo itasimikwa pale pale alipopima, kwa sababu skrini inahitaji kuonekana kutoka langoni. Wakakubali hata hilo, na mimi nikiwa nimekaa mbele yao na tabasamu usoni, sijajua niliweke wapi.

"Na Mama Eyotaru," alisema, "atakwenda Koboko."

"Kufanya nini?" niliuliza.

"Kule hakuna mtu anayejua watu."

Jumatatu alinipa kofia ya buluu, kitambulisho chenye picha niliyotoka nimefumba macho, na kiti cha plastiki. Nikahamia kwa binti yangu, kwa maana nyingine nikahamia kwa Mariam Poni, na hiyo ni habari nzito peke yake. Jiko langu nilikuja nalo. Jumapili moja nilipita Arua nikaiona nguzo. Imesimama vizuri. Rosa Kiden alikuwa ameiegemea, anakula ndizi, na skrini juu yake ilikuwa imeandika kwamba kosta itafika baada ya dakika sifuri. Ilikuwa bado inasema hivyo nilipoondoka.

Sule anasema nimepandishwa cheo. Mariam Poni anasema nimefukuzwa na wamenipa kofia ili nisilie. Nimewauliza wote wawili tena na tena, na kila mmoja ana sababu zake, na zote zinaingia akilini.

Kila asubuhi saa moja Candiru ananipigia.

"Mama, Koboko kuna watu wangapi?"

"Wewe si unayo namba mkononi?"

"Ninayo. Nataka yako."

Nasimama kutoka kwenye kiti cha plastiki. Nawahesabu kwa kidole wanaotaka kuondoka sasa, namwacha anayetaka mchana, namwacha aliyekuja kuota jua tu.

"Kumi na tatu," namwambia.

"Hapa imeandikwa kumi na sita."

"Basi mmoja wetu amekosea."

"Nani?"

"Sijui, binti yangu."

Nasikia anapumua upande wa pili, na nyuma yake honi za Arua.

"Hesabu tena, mama," anasema, nami nageuka, naanzia upande wa pili.